Mtoto wa Robo ya Nne

Kaeni mnavyopenda, mwenye kiti na asiye na kiti, ila masikio yote yawe upande huu. Hadithi yangu ina wanawake watatu na zawadi moja isiyokatika vipande. Nikifika mwisho sitawaambia nani aliipata. Nitawauliza ninyi. Basi sikilizeni kama watu watakaoulizwa.

Mbeya, kwenye baridi ya kuvaa masweta mawili, palikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu iliyoitwa Mwangaza. Ilikuwa timu nzuri, tena nzuri sana, ila ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mchezo wa kikapu una robo nne, na Mwangaza walikuwa wakishinda robo tatu za kwanza kwa raha zao. Ya nne ndiyo iliyowaua. Fainali ya kwanza ya kanda waliongoza kwa pointi kumi na moja, wakashindwa. Ya pili waliongoza kwa tisa, wakashindwa. Ya tatu waliongoza kwa kumi na sita, watu wakaanza kuondoka uwanjani wakijua kazi imekwisha, na huko njiani wakasikia kelele za upande wa pili. Tangu siku hiyo mji ukawapa jina. Muuza ndizi sokoni, mkungu ukiwa haujakomaa vizuri, alimwambia mteja, "Hizi bado, mama. Hizi ni Mwangaza, robo tatu."

Kapteni wao alikuwa Tusekile, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Ile fainali ya tatu, mpira wa mwisho ulikuwa mikononi mwake. Akautupa mahali ambapo aliamini mwenzake yupo, na mwenzake hakuwepo. Siku mbili alikaa ndani akila kwa kubembelezwa. Mumewe, Ambakisye, alimwambia, "Mke wangu, ni mpira tu." Tusekile akamjibu, "Ungekuwa mpira tu, ningekuwa nimeshasahau."

Sasa wajueni hao watatu.

Modesta alijaliwa jicho. Alikuwa fundi cherehani, na mteja akiingia mlangoni alishajua kiuno chake kabla ya kushika futi. Zamani alikuwa mchezaji, goti likamkatika akiwa na miaka ishirini na tatu, akabaki anakuja uwanjani na chupa ya chai ya tangawizi na kukaa mwisho wa benchi. Alichokiona mara moja hakikumtoka. Ungemuuliza mechi ya miaka minne iliyopita, angekuambia nani alimpa nani, na mguu upi ulikuwa mbele.

Atuganile alijaliwa mkono. Mpira ukitoka kwenye vidole vyake, watu walikuwa wakigeukia ubao wa matokeo bila kusubiri uingie. Alikuwa na miaka ishirini na saba, alikuwa akikaanga chipsi karibu na stendi, na kila mwaka alisema mwaka huu atachukuliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam. Kila mwaka wakubwa walichukua wasichana wa miaka kumi na tisa.

Na Sekela je? Huyu hata wenzake walikuwa wanajiuliza alijaliwa nini. Alikuwa mpishi wa shule, mrefu, mpole, mwoga. Mechi ikikaribia mwisho, alijificha nyuma ya mpinzani aliyemlinda ili asipewe mpira. Mwaka ule wa tatu alimwambia Tusekile waziwazi, "Dada, robo ya nne msinipe. Mikono yangu inakuwa ya mtu mwingine." Lakini nitawaambia jambo moja. Sekela hakukosa mazoezi hata siku moja kwa miaka mitano. Alikuwa mwoga aliyezoea kutembea na woga wake, akiamka nao, akienda nao kazini, akija nao uwanjani.

Mwaka wa nne ukafika, na Mwangaza wakaingia fainali tena, dhidi ya timu ya Radi kutoka Sumbawanga. Atakayeshinda ataenda ligi ya taifa. Ila safari hii kapteni hakuweza kucheza. Tusekile alikuwa na mimba ya miezi tisa, mtoto wake wa kwanza baada ya miaka sita ya ndoa, na tumbo lilikuwa limetangulia hata hizo hatua zake ndefu.

Jumatano kabla ya fainali, wachezaji walikuwa wamekaa chini wanafungua viatu, na hakuna aliyekuwa anaongea. Tusekile akawatazama, akaona wameshashindwa kabla ya kuvaa jezi. Akaweka mkono tumboni.

"Nisikilizeni. Wamenipima, wameniambia ni wa kike. Tukishinda Jumamosi, mtoto huyu atapewa jina la yule atakayetuvusha robo ya nne. Atakuwa somo wake maisha yake yote."

Wakapiga vigelegele mpaka walinzi wa uwanja wakaja kuchungulia. Kocha Mwaijande, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, akamsogelea. "Kapteni, chunga ulimi. Watakaotuvusha wakiwa wawili je?"

Tusekile akacheka. "Kocha, mpira ni mmoja. Anayeuingiza mwisho ni mtu mmoja."

Ndivyo alivyodhani.

Kesho yake Modesta alifika nyumbani kwa Tusekile akichechemea, hata salamu hakumaliza. "Nimeujua ugonjwa wetu."

"Ugonjwa gani?"

"Wa robo ya nne. Nimekaa nimezipitisha kichwani mechi zote tulizopoteza tukiwa tunaongoza. Sisi hatuchoki, Tusekile. Sisi tunaangalia saa. Mmoja akigeuka kuitazama, na mwingine anageuka, halafu hakuna anayecheza tena. Tunaanza kulinda pointi kama mtu anayelinda yai kwenye kiganja. Kila mmoja anaukimbia mpira, kila mpira unaenda kwa Atuganile. Wapinzani wanajua. Wanamwekea watu wawili. Na unajua ni nani anabaki bila mtu?"

"Nani?"

"Sekela. Mechi zote hizo. Amesimama upande wa kulia peke yake kama nguo iliyosahaulika kambani, na hatumpi."

Siku zile mbili zilizobaki, kocha aliwafanyisha mazoezi ya ajabu. Kila mchezo ulianzia robo ya nne, wakiwa wanaongoza kwa kumi. Ilikuwa marufuku kugeukia saa. Modesta ndiye aliyetangaza dakika kwa sauti, na kila mpira wa tatu ulikuwa lazima umfikie Sekela. Alipoteza mingi. Ijumaa asubuhi alitapika kwa woga, akanawa uso, akaenda kupika maharage ya shule.

Jumamosi mchana uwanja ulijaa. Kabla mechi haijaanza, bwana mmoja mwenye suti ya michezo alimwita Atuganile pembeni, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti cha Tusekile. Alikuwa kocha wa timu kubwa ya Dar. "Binti, pointi zako nimezisikia," alisema. "Lakini watu wa kufunga mapema ninao wengi. Ninatafuta mtu wa kumaliza mechi. Leo nataka nikuone ukiimaliza wewe mwenyewe." Atuganile aliitikia kwa kichwa. Tusekile aliyasikia maneno yale, akayameza.

Robo ya kwanza Mwangaza walishinda. Ya pili walishinda. Ya tatu ilipokwisha walikuwa na pointi hamsini na moja, Radi thelathini na nane. Mtu mmoja jukwaani akapaza sauti, "Haya sasa, robo tatu imekwisha, twendeni nyumbani!" Watu wakacheka. Wachezaji hawakucheka.

Dakika za mwanzo za robo ya nne walikimbia vizuri. Modesta alitangaza, "Nane zimebaki! Saba!" na hakuna aliyegeuka. Lakini kando yake Tusekile alikuwa ameikazia macho ile saa nyekundu ukutani, hapepesi.

"Wewe!" Modesta akamwambia. "Si tumekubaliana?"

"Siangalii mechi," Tusekile akasema akiwa ameuma meno. "Naangalia uchungu. Unakuja kila dakika sita."

Modesta akageuka, nusura ainuke. "Tangu lini?"

"Tangu robo ya pili. Kaa chini. Ukimwambia mtu, nakufukuza timu."

Modesta akakaa. Akampa mkono aufinye, na akaendelea kutangaza dakika kwa sauti ile ile.

Basi Radi wakafunga mitupo miwili ya pointi tatu mfululizo. Tofauti ikawa saba. Mlinzi mmoja wa Mwangaza akageuka, akatazama saa. Alikuwa mmoja tu, lakini wa pili akamwona, naye akageuka. Modesta akafumba macho. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Pasi zikawa fupi na za woga, kila mpira ukakimbilia kwa Atuganile, Radi wakamzingira wawili, mara watatu. Tofauti ikawa tano. Ikawa tatu. Ikawa moja. Jukwaani wale wa Sumbawanga wakasimama wote. Zilipobaki sekunde kumi na nne, Radi wakafunga. Hamsini na tisa kwao, hamsini na nane kwa Mwangaza.

Kocha Mwaijande akaomba mapumziko mafupi. Wachezaji wakaja benchini wameinamisha vichwa, na mzee akafungua mdomo, akakosa neno. Modesta ndiye aliyesimama, kwa goti lake lile.

"Nani ameangalia saa?"

Wachezaji wakatazamana.

"Wote. Haya, mmeshaiona, haina kingine cha kuwaambia. Sasa niangalieni mimi. Robo nzima hii Sekela hana mtu wa kumlinda. Hata sasa hivi, tazameni benchi lao, wanaonyeshana Atuganile kwa kidole. Watamwendea wawili. Mpira uende kwa Sekela, kulia."

Kila mtu akamtazama Sekela. Sekela akatazama viatu vyake. Atuganile akamtazama yule bwana wa Dar, ambaye alikuwa ameshuka mpaka ngazi ya mwisho ya jukwaa na simu mkononi, tayari kurekodi.

Tusekile alitaka kusema kitu, lakini uchungu ukaja, na maneno yakaondoka nao.

Wakarudi. Mpira ukafika kwa Atuganile, na kama Modesta alivyosema, wawili wakamrukia. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Aliwahadaa wote wawili. Akarudi hatua moja nyuma, akapata upenyo mdogo, upenyo ambao maishani mwake ulikuwa umemtosha mara mia. Mpira ulishapanda juu ya paji la uso wake. Jukwaa zima lilivuta pumzi. Hapo ndipo sauti ikatoka upande wa kulia, sauti ambayo uwanja ule haukuwahi kuisikia.

"Atu! Nipe!"

Alikuwa Sekela. Alikuwa hajajificha nyuma ya mtu. Mikono yake ilikuwa mbele, na Tusekile kutoka kwenye kiti aliiona inavyotetemeka.

Atuganile aliushusha mpira. Hilo watu wanalizungumza mpaka leo. Aliushusha kutoka juu ya kichwa chake, mbele ya yule bwana wa Dar, akampa Sekela.

Sekela akaenda na mpira hadi chini ya ringi, akaruka, na beki wa Radi akamgonga mkono kwa nguvu. Filimbi. Sekunde nne zimebaki, mitupo huru miwili.

Mitupo huru, kwa asiyejua, ni upweke mtupu. Unasimama kwenye mstari peke yako, hakuna wa kumpa, hakuna wa kukuzuia, na watu wote wanakutazama. Sekela aliudunda mpira mara moja, ukampiga kidoleni ukamtoroka, refa akamrudishia. Watu wa Sumbawanga wakacheka. Alitupa. Mpira ukagonga ringi, ukazunguka, ukakaa kidogo ukingoni kama mtu anayefikiria, ukaingia. Sawa kwa sawa.

Akageukia benchi. Aliona Tusekile ameuma khanga, machozi yanamtiririka, akadhani ni machozi ya mechi. Akafuta mikono kwenye kaptura, akarudi mstarini. Safari hii hakuudunda hata mara moja. Aliutupa kama mtu anayetaka kuliondoa jambo mikononi mwake, na mpira haukugusa chochote ila wavu.

Radi wakarusha mpira wa mbali, ukagonga kona ya ubao, ukaanguka. Kengele ikalia. Sitini kwa hamsini na tisa.

Watu waliingia uwanjani kama maji. Na katikati ya zile kelele Modesta akapiga ukelele wake: "Gari! Nani ana gari? Kapteni anajifungua!"

Mtoto alizaliwa kesho yake saa tatu asubuhi, mzima, wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya kutosha. Mchana, wakati wa kuona wagonjwa, watatu wale wakaja pamoja. Ambakisye alikuwepo, na mama yake, aliyekuwa amesafiri kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na jina la mjukuu mfukoni.

"Mimi nilileta jina la Bupe, la mama yangu," bibi alisema. "Naambiwa kuna kiapo. Basi, kiapo kikishatoka hakirudishwi. Ila niambieni huyo somo wa mjukuu wangu ni nani, nimsalimie."

Modesta ndiye aliyeanza, tena bila kuzunguka.

"Mimi naitaka nafasi hiyo, mama. Sitaona haya. Miaka tisa watu wananiita yule wa chai. Hawa wote walikuwa wanaumwa na hawajui wanaumwa nini. Nimewatafutia ugonjwa, nimewatafutia dawa, na zilipobaki sekunde kumi na nne, hata kocha hana neno, nani alisema mpira uende wapi? Mimi. Mguu wangu hautarudi. Lakini mtoto akiitwa Modesta, nitajua nami nilicheza ile mechi."

Atuganile alikuwa amesimama dirishani. Alicheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha.

"Modesta alisema mpira uende kwa Sekela, kweli. Kusema ni kusema. Mpira ulikuwa kwangu. Yule bwana wa Dar amerudi jana hiyo hiyo, hakuniaga. Amechukua namba ya mlinzi wa Radi." Akavuta pazia bila sababu. "Modesta alitoa jicho lake, na jicho bado analo. Sekela alitoa moyo, na sasa ana moyo kuliko jana. Mimi nilichotoa hakijarudi, na umri wangu mnaujua. Mtoto huyu asipoitwa jina langu, nitakuwa nimekitupa bure."

Sekela alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, ameshika kidole cha mguu cha mtoto. "Mimi sijui kudai," akasema.

"Sema tu, mdogo wangu," Tusekile akamwambia.

"Basi nitasema moja. Mimi ndiye niliyeita. Kama nisingeita, Atu angetupa mwenyewe, na si ajabu angefunga. Na mpira wa kwanza ulipokuwa pale ukingoni, niliwaza hivi: ukitoka, hakuna atakayesema mpango wa Modesta umeshindwa. Hakuna atakayesema pasi ya Atu ilikuwa mbaya. Watasema Sekela amekosa. Watasema mpaka nizeeke." Akainua macho. "Lawama ingekuwa yangu peke yangu. Sasa sifa imekuwa ya watatu?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa amejifanya amelala, akageuka kabisa, akasema, "Mpeni majina yote matatu, yaishe."

"Hapana," bibi akasema. "Nami nilifikiri hivyo. Lakini mtoto wa masomo watatu hana somo. Siku akiumwa, kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda."

Ambakisye akakuna kichwa. "Mimi ningempa Sekela, ndiye aliyefunga," alisema, kisha akamtazama Atuganile dirishani, akaongeza polepole, "au sijui."

Tusekile aliwatazama mmoja mmoja. Aliukumbuka mkono wa Modesta alioufinya mpaka ukawa mweupe, na sauti yake ambayo haikuyumba. Alimwona tena Atuganile akiushusha mpira, na akajiuliza kama yeye, siku ile ya fainali ya tatu, angekuwa na nguvu za kuushusha. Aliiona mikono ya Sekela imenyooka mbele, inatetemeka, na bado imenyooka. Kila alipomchagua mmoja moyoni, uso wa mwingine ulimjia, na alijua huyo hatanung'unika hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma.

Nesi akaingia na kalamu na fomu ya mtoto. Alikuwa na haraka, vitanda vilikuwa vingi. "Mama, tunakuruhusu uende nyumbani. Jina la mtoto?"

Tusekile akamwinua binti yake, akamweka begani, akavuta pumzi. Wanawake wale watatu wakaangalia chini kwa pamoja, kila mmoja asimwone mwenzake usoni.

Hapo mimi nanyamaza, ndugu zangu. Bila jicho, wasingejua mpira uende wapi. Bila mkono ule, mpira usingeondoka ulipokuwa. Bila moyo wa yule mwoga, usingefika. Nesi anangoja na kalamu yake iko juu ya karatasi, na nafasi iliyoachwa inatosha jina moja tu.

Haya, semeni ninyi mliosikiliza: ungekuwa wewe ndiye Tusekile, ungemwita binti yako nani?